Kura Si M-Pesa: Maneno Niliyosema Kisumu Jumamosi

UZI. Jumamosi niliongea kwenye kikao cha vijana na wazee hapa Kisumu kuhusu mashine na kura. Wengi mmeniomba maandishi, basi haya hapa. Nimeyakata vipande ndiyo yasomeke kwa simu. Sheria ya ukurasa huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja huko chini, nafuta.

1/ Wazee wetu, akina mama, vijana wenzangu, asanteni kwa kuniita. Nasoma sayansi ya siasa, nina miaka 22, na sijui kuandika programu ya kompyuta. Nasema mapema ili msinidhanie fundi. Nimekuja na swali moja tu, na hata si langu. Ni la nyanya yangu.

2/ Nyanya, sisi humwita dani, amekaa miaka mingi pale Dunga akiondoa magamba ya ngege na mbuta. Mwaka 2022 tulipanga foleni pamoja, mimi nikipiga kura yangu ya kwanza. Tulifika saa kumi na moja alfajiri, baridi ya ziwa inaingia kwenye mifupa. Akanigeukia: "Nyakwara, pesa ya shule ya binamu yako natuma nikiwa kitandani. Kwani kura ina uzito gani mpaka niamkie hapa?"

3/ Nilimjibu haraka: "Dani, ni vile wakubwa hawataki. Teknolojia iko." Hilo jibu linapendwa sana mitandaoni. Kila mjadala wa uchaguzi lazima mtu aseme: kama tunatuma pesa kwa simu na haipotei, kwa nini tusipige kura kwa simu? Nimelibeba swali hilo hadi darasani, na leo naona nilimdanganya dani. Ngoja nieleze kwa nini.

4/ M-Pesa ilianza Machi 2007. Desemba mwaka huo huo tukapiga kura, na mnajua kilichofuata. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini. Mwaka mmoja, nchi moja: tulijifunza kuaminiana na pesa kwa simu, tukashindwa kuaminiana na karatasi. Ni rahisi kusema dawa ya pili ni ya kwanza. Lakini hebu tuangalie M-Pesa inafanyaje kazi.

5/ Ukituma pesa, unapata meseji. Ina jina la uliyemtumia, kiasi, saa na salio. Yeye naye anapata yake. Ukikosea namba, unaituma ile meseji kwa 456 na kuomba irudishwe. Ikifika kwa mzozo, kampuni inafungua kumbukumbu na kuona: huyu alimtumia huyu. Yaani usalama wote wa M-Pesa unatokana na kitu kimoja. Mfumo unajua wewe ni nani na ulifanya nini.

6/ Kura ni kinyume kabisa. Katiba yetu, kifungu cha 38, inakupa haki ya kupiga kura kwa siri. Mfumo unatakiwa ujue kwamba umepiga kura, halafu usahau umempigia nani. Hakuna meseji. Hakuna 456. Ikiwa kura yako imegeuzwa ndani ya mashine, wewe huna ushahidi, na mashine haiwezi kukuonyesha bila kufichua siri yako. Dani akipoteza shilingi 500 atajua siku hiyo hiyo. Akipoteza kura ndani ya simu hatajua mpaka azikwe.

7/ Halafu kuna jambo la nyumbani. Kwenye kibanda cha kura uko peke yako. Kwa simu uko wapi? Uko sebuleni, mume amesimama hapo. Uko ufukweni, na mwenye mashua anayekupa kazi kesho ameketi karibu: "Hebu nione umebonyeza wapi, ndiyo nikupe yako." Siku hizi mnunuzi wa kura analipa akitumaini utatii. Kwa simu atalipa akiwa ameona.

8/ Mtu akasema pale ukumbini: basi tuondoe siri, kila mtu aonekane. Vijana, hiyo tumeshajaribu. Waulizeni wazee kuhusu mlolongo wa 1988. Kwenye mchujo wa chama kilichokuwa pekee wakati huo, watu walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe. Macho yote yaliona. Na bado kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Mzee mmoja akadakia kutoka nyuma: "Na waliosimama kwenye ule mrefu wakajulikana!" Ndiyo hivyo. Walipoteza siri na hesabu pia.

9/ Kwa hivyo kazi ya kubuni mfumo wa kura ni ngumu kuliko ya benki. Kifungu cha 86 kinataka mfumo uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na wenye uwazi. Tunapenda kurukia neno "salama". Mimi naomba mshike neno "kuthibitishwa". Swali langu kwa kila mashine ni hili: dani anaweza kuikagua bila kumwomba mtu mwenye digrii?

10/ Hapa turekebishe kosa moja la mitandaoni. Kenya hatuna upigaji kura wa kielektroniki. Tuna karatasi, sanduku na watu wanaohesabu kwa mikono usiku. Mashine ziko kabla na baada: kusajili, kumtambua mpiga kura pale kituoni, na kutuma matokeo. Tukibishana "mashine iliiba," tuulize kwanza: mashine ipi, katika kazi ipi?

11/ Kazi ya kumtambua mtu. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma kwenye vituo vingi, vingine betri zimeisha, watu wakarudi kwenye daftari. Mwaka 2017 ikaja tableti ya KIEMS. Mwaka 2022 dani aliweka kidole, ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Magamba na maji yamefuta alama za vidole vyake. Watu nyuma wakaanza kunong'ona. Aliniangalia kama mtoto aliyeshikwa na kosa.

12/ Msimamizi alimtafuta kwa namba ya kitambulisho, picha yake ikatokea, fomu 32A ikajazwa, akapiga kura. Hivyo ndivyo mfumo mzuri unavyoshindwa: kuna njia ya pili, na njia ya pili inaacha karatasi. Maanake mlango wa nyuma unahitajika kwa watu kama dani, lakini ndio mlango ambao mwizi naye angeupenda. Kwa hivyo idadi ya fomu 32A za kila kituo ibandikwe mlangoni pamoja na matokeo. Kituo chenye wapiga kura 700, waliotambuliwa kwa 32A wakiwa 10, hiyo ni mikono ya wavuvi. Wakiwa 400, tuulize.

13/ Kazi ya kutuma matokeo. Mwaka 2013 mfumo wa kutuma ulikwama. Kabla ukwame, kwenye skrini kubwa kura zilizoharibika zilionekana nyingi ajabu. Baadaye tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara 8. Fikirini. Nchi nzima inaangalia namba, wengine wameshaanza kupiga hesabu za duru ya pili, na ni kosa la programu. Kosa hilo liligunduliwa kwa sababu karatasi zilikuwepo. Bila karatasi, tungelinganisha na nini?

14/ Sasa 2017. Nilikuwa darasa la saba. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, aliuawa. Alikuwa mtu wa Siaya, hapa jirani. Nakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini jioni nzima. Sielezi nani alifanya wala kwa nini. Nasema kama mwanafunzi wa mifumo: ukijenga mfumo ambao siri zake amebeba mtu mmoja, umemweka mtu huyo hatarini na nchi pamoja naye.

15/ Baada ya matokeo, watu walikufa hapa Kisumu, akiwemo mtoto wa miezi sita. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili. Tume ilikuwa imeamriwa ifungue seva zake zikaguliwe, na haikutii ipasavyo. Mahakama ikahesabu ukimya huo dhidi yake. Kura ya marudio ikapangwa 26 Oktoba. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori haikupigwa. Kaunti nne za ziwa, mimi nikiwa nyumbani mlango umefungwa, harufu ya tairi nje.

16/ Ndiyo maana mtu akiniambia seva ni mambo ya wataalamu, nakataa. Usiku ule hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyekuwa na njia ya kujua namba ni za kweli au za uongo. Wote, waliofurahia na waliokasirika, tulikuwa tunaamini au kukataa kwa moyo tu. Mtu asiye na njia ya kukagua anabaki na vitu viwili: kunyamaza au jiwe.

17/ Mwaka 2022 kitu kimoja kilibadilika, na hakikuwa mashine ya ajabu. Tume iliweka picha za fomu 34A kwenye tovuti, wazi kwa kila mtu. Fomu 34A ndiyo matokeo ya urais ya kituo kimoja, imesainiwa na msimamizi na maajenti, nakala inabandikwa mlangoni. Vituo vilikuwa 46,229. Usiku ule vijana tulikaa na simu zetu tukijumlisha vituo vya kwetu, bando linaisha, mtu anaomba hotspoti. Nikatafuta kituo changu. Namba zilikuwa zile nilizopiga picha pale mlangoni.

18/ Siku ya kutangaza, makamishna wanne kati ya saba walikataa matokeo. Kwa historia yetu, hiyo ingetosha kuchoma nchi. Mzozo ulienda mahakamani, na tarehe 5 Septemba majaji wakaidhinisha matokeo. Walikagua, wakaona fomu za tovutini hazikuwa na tofauti kubwa na zile za asili. Najua hapa ukumbini wengi hawakuridhika. Sikuja kuwaridhisha. Nasema tu kwamba safari hii aliyetaka kupinga alitakiwa aonyeshe fomu gani, kituo gani. Huo ni ubishi wa watu wazima.

19/ Wengine wamefanyaje? Congo, 2018, walitumia mashine ya skrini. Unagusa mgombea, inachapa karatasi, unaitumbukiza sandukuni. Watu waligombana kuhusu mashine miezi mingi. Mwishowe tatizo kubwa likawa pengine: matokeo ya kituo kwa kituo hayakuchapishwa. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi karibu 40,000 na likasema hesabu zake hazilingani na zilizotangazwa. Karatasi ilikuwepo, lakini raia hakupewa nafasi ya kujumlisha.

20/ Ujerumani, nchi ya mainjinia, mwaka 2009 mahakama yao ya katiba ilikataa mashine za kura zilizokuwa zimetumika. Sababu haikuwa kwamba ziliiba. Sababu ilikuwa raia wa kawaida hakuweza kukagua hatua muhimu bila utaalamu. Ni swali la dani kabisa! India wanatumia mashine, lakini wameongeza karatasi inayoonekana kwa mpiga kura kabla haijaanguka sandukuni. Estonia wanapiga kwa intaneti tangu 2005, na ili kupambana na wanunuzi wanaruhusu ubadilishe kura yako tena na tena kabla ya kufunga. Lakini wao wana kitambulisho cha kidijitali kwa karibu kila mtu, na watu wao wote hawafiki milioni 2.

21/ Na intaneti yenyewe? Mwaka 2017 tume yetu ilisema vituo zaidi ya 11,000 viko nje ya mtandao wa 3G. Ukivuka kwenda visiwani unajua simu inavyohangaika, mara nyingine inakamata mtandao wa nchi jirani. Na ng'ambo ile ya ziwa, Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Mfumo unaokufa mtu akizima swichi, huo si mfumo salama. Ni mateka.

22/ Basi mimi ningejengaje? Mambo matano. Kwanza, karatasi ibaki. Kura ya kila mtu iwe kitu kinachoshikika, kinachoweza kuhesabiwa tena na mwalimu, mvuvi au jaji.

23/ Pili, tableti ikipiga picha ya fomu 34A, iweke papo hapo saini ya kidijitali. Ni kama lakiri: ukibadilisha hata tarakimu moja baadaye, lakiri inavunjika na kila mtu anaona. Mtandao usipokuwepo, picha inasubiri na lakiri yake mpaka ifike penye mtandao. Kuchelewa si wizi, ilimradi lakiri iko salama.

24/ Tatu, namba zenyewe ziwekwe wazi kama jedwali, si picha tu. Mwaka 2022 ilibidi watu wazisome picha moja moja kwa macho. Nne, programu na kumbukumbu za mfumo zikaguliwe na pande zote miezi kabla ya kura, na baada ya kura zifunguliwe bila kusubiri amri ya mahakama. Funguo za mfumo zigawanywe kwa watu kadhaa kutoka taasisi tofauti, ili asiwepo tena mtu mmoja wa kuwindwa.

25/ Tano, na hili ndilo ningepigania nikipewa moja tu: ukaguzi wa sampuli. Kabla ya matokeo kuwa rasmi, tuchague vituo kwa bahati nasibu hadharani, kwa dadu mbele ya kamera, tufungue masanduku tuhesabu tena. Jimbo la Colorado kule Marekani lilianza kufanya hivi jimbo zima mwaka 2017. Akina mama mnaelewa hii kuliko profesa. Huli sufuria nzima kujua mchuzi una chumvi. Unaonja kijiko, ilimradi umekoroga. Dadu ndilo kukoroga. Na kama pengo la kura ni dogo, unaonja vijiko vingi zaidi.

26/ Kijana mmoja akauliza: si tuweke kila kitu kwenye bloku-cheni tumalize? Ndugu yangu, bloku-cheni ni daftari lisilofutika. Ukiandika uongo kwenye daftari lisilofutika, una uongo usiofutika. Shida yetu kubwa iko kabla ya daftari: pale kituoni, saa tano usiku, mtu akisoma kura kwa taa.

27/ Na nikubali mpango wangu una mashimo. Karatasi ni ghali, na zile za 2022 zilichapishwa Ugiriki. Hesabu ya mikono inachosha na inachelewa. Ajenti ananunulika. Mtu anaweza kujaza sanduku kabla hakujakucha, na lakiri ya kidijitali italinda uongo huo vizuri sana. Mashine haiondoi imani, inaihamisha tu. Inaitoa kwa watu watano unaowaona mezani, inaipeleka kwa watu wawili usiowajua walioandika programu. Mimi naona afadhali wale watano, kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa wewe.

28/ Kwa hivyo 10 Agosti 2027, usikae kwa simu ukingoja mtu akuambie umeibiwa au umeshinda. Omba kazi ya ajenti, hata wa mgombea mdogo. Baki mpaka hesabu iishe. Usisaini fomu hujaisoma. Kama wewe si ajenti, rudi asubuhi uipige picha fomu iliyo mlangoni, namba zote zisomeke, kisha ulinganishe na ya tovutini. Zikitofautiana, una ushahidi. Zikilingana, sema pia. Hii ya pili ni ngumu zaidi kwetu, na nasema nikiwa mmoja wenu.

29/ Nilirudi Dunga nikamweleza dani haya yote. Kwamba foleni ndiyo bei ya siri yake, na karatasi ndiyo meseji yetu sisi sote. Alisikiliza, kisu hakisimami. Kisha akasema: "Nimeelewa. Lakini 2027 unibebee kiti."

Mwisho wa uzi. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu jioni nikitoka darasani. Aliye na picha ya fomu 34A ya kituo chake ya 2022, hebu ilinganishe na ile ya tovuti utuambie ulichokuta.